Kuleta familia za msikiti Mombasa likizoni: mwongozo kamili, kuanzia kikao cha kwanza hadi hesabu ya mwisho

Likizo za Agosti na Desemba zikikaribia, sisi tunaoishi Mombasa hupigiwa simu sana. Imamu wa Nakuru anatafuta nyumba ya watu arubaini. Mama wa kamati ya madrasa ya Eastleigh anauliza kama kuna mahali mabinti wataogelea kwa stara. Baba wa watoto wanne anataka kujua Alasiri ataiswali wapi akiwa ndani ya treni. Ukiyauliza maswali haya wiki moja kabla ya safari, mengi huwa yashapitwa na wakati. Mwongozo huu nimewaandikia familia za Kiislamu za bara zinazotaka kuja Pwani kwa pamoja na watoto wao, ingawa hata kundi la kanisa litapata humu ya kulifaa kuhusu bahari, nyumba na pesa.

Msimamo wangu ni huu, na ndio utakaouona katika kila hatua: safari ya familia za msikiti si madrasa iliyohamishiwa ufukweni. Mtoto ameshasoma mwaka mzima. Tunachotaka aone hapa ni kwamba swala na furaha hukaa siku moja bila kugombana, na kwamba watu wa msikitini kwao ni watu wazuri kuwa nao. Kwa hiyo swala ziwe ndizo vigingi vya ratiba, mtoto mdogo kuliko wote awe ndiye anayeamua mwendo, na mengine yote yapunguzwe.

Hatua ya kwanza: kikao cha kuanzia, miezi mitatu kabla

Msizidi familia kumi. Familia kumi zenye watoto ni watu arubaini hadi hamsini, na hapo bado mnaweza kulala nyumba mbili zilizo jirani, kula pamoja na kujuana majina. Mkizidi hapo, fanyeni safari mbili.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba wasafiri wakifika watatu wamchague mmoja wao awe amiri, yaani kiongozi wa safari. Mchagueni mapema, na mumchague mtu mwenye subira kuliko mwenye sauti. Pembeni yake awepo mama mmoja mwenye kauli sawa na yake, kwa sababu mambo mengi ya safari hii (watoto, vyoo, chakula, mahali pa kubadilisha nguo) akina mama huyaona kabla ya wanaume. Mweka hazina awe mtu wa tatu. Amiri asishike pesa, hata akiwa mwaminifu namna gani, maana siku ya hesabu hamtaki mtu mmoja ajijibu mwenyewe.

Kila familia ijaze karatasi: jina la kila mtoto, umri wake kamili, dawa anazotumia, chakula kinachomdhuru, kama anajua kuogelea, na kama bado anakojoa kitandani. Hilo la mwisho watu huona haya kuliandika, basi karatasi zote zipokewe na mama mmoja tu, anyamaze nazo, naye anunue mipira ya kufunika magodoro. Mtoto wa miaka saba akiaibika mbele ya wenzake usiku wa kwanza, safari yake imeshaharibika. Mzazi mwenye mtoto asiyestahimili kelele au mwenye ulemavu naye aeleze mapema, apewe chumba cha pembeni.

Siku hiyo hiyo kubalianeni kuhusu picha. Kauli iwe wazi: hakuna kumweka mtoto wa mwenzio wala mke wa mwenzio mtandaoni. Ugomvi wa picha ukianza njiani huwa haumalizwi kirahisi.

Hatua ya pili: kuchagua tarehe

Desemba ni msimu wa kaskazi: jua kali, bahari nzuri, na mji umejaa. Nyumba hupanda bei na ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, ambao wengi huuita Pirates, huwa hauna pa kuweka mguu, na muziki juu yake. Agosti ni kusi. Upepo ni mwingi na bahari huchafuka kidogo, lakini joto ni la kuvumilika kwa watoto wachanga, watu ni wachache na bei hushuka. Mimi nikiulizwa na kundi lenye watoto wadogo wengi, nasema Agosti. Likizo ya Aprili huangukia masika, na mvua ya Pwani ikiamua kunyesha haitazami kama mmelipia.

Sasa shikeni kalenda ya Hijria, kwa sababu itawaeleza habari za bahari. Bahari hufuata mwezi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, yaani siku za mwanzo za mwezi na siku za katikati, huwa bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Mombasa, siku za bamvua maji huwa yamepwa kabisa kama saa nne asubuhi na yamejaa kama saa kumi alasiri. Mwezi ukiwa nusu, karibu na tarehe 8 na 23, ni maji mafu: bahari haiendi mbali, na saa zake hugeuka, maji huwa yamejaa asubuhi. Kila siku hesabu husogea mbele kwa dakika kama hamsini. Mkitaka watoto waone viumbe kwenye mawe, njooni na bamvua. Mkitaka waogelee asubuhi bila kuyafuata maji mbali, njooni na maji mafu. Mkishapata tarehe, hakikisheni kwa jedwali la kujaa na kupwa maji la bandari ya Kilindini.

Idadi ya siku nayo ina hukumu yake. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi hapa, msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hapunguzi swala akishafika. Mkija Alhamisi mkaondoka Jumatatu, siku kamili ni tatu, na ruhusa ya kupunguza swala na kujumuisha mbili kwa wakati mmoja inabaki. Wafuasi wa Hanafi wanahesabu siku kumi na tano, na wao hawajumuishi swala kwa sababu ya safari. Kama kundi lenu lina wa huku na wa kule, ustadhi wenu aliseme hili kabla ya safari. Awakumbushe pia kwamba ukiswali nyuma ya imamu mkaazi unakamilisha rakaa nne. Watoto husikiliza sana watu wazima wanapobishana juu ya swala.

Alhamisi hadi Jumatatu ndiyo ninayoipendekeza, kwa sababu inawapa Ijumaa nzima Mombasa.

Hatua ya tatu: pesa

Andikeni gharama kwa kila kichwa wala si kwa familia, halafu mjumlishe. Nauli ya treni daraja la kawaida kati ya Nairobi na Mombasa ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu, na wa chini ya miaka 3 halipi ila hana kiti chake. Baba, mama, na watoto wa miaka 9, 6 na 2 watatumia shilingi 9,000 kwenda na kurudi. Fanyeni hivyo kwa nyumba, chakula, gari la ndani ya mji na viingilio, kisha ongezeni sehemu moja ya kumi kwa lisilotarajiwa.

Michango igawanywe mara tatu, mwezi kwa mwezi, na kila malipo ya M-Pesa yaandikwe siku hiyo hiyo kwenye daftari ambalo kamati nzima inaweza kuliona. Pamoja na hayo, wekeni mfuko wa wasioweza. Daima kuna familia mbili tatu zinazotamani kwenda lakini hazina, nazo hazitasema. Mtu mmoja tu, imamu au mama anayeaminika, ajue nani amesaidiwa. Yule aliyesaidiwa apewe risiti sawa na ya wengine, apangiwe zamu sawa na wengine, na watoto wake wasijue kamwe.

Hatua ya nne: treni au basi

Basi la kukodi lina faida moja kubwa, kwamba mkifika mnabaki nalo. Lakini ni kilomita karibu 480 za barabara ya malori, na watoto watataka choo kila baada ya saa moja. Mkiamua basi, ondokeni alfajiri ili mfike mchana, muulize bima ya abiria na stika ya ukaguzi, na muwe na madereva wawili.

Mimi ni mtu wa treni, na ni ile ya asubuhi. Inaondoka Nairobi saa mbili, inasimama vituo vya njiani kama Emali, Mtito Andei na Voi, na inafika Miritini, stesheni ya Mombasa, mchana kama saa nane. Adhuhuri inawakuta njiani, na mkifika mnaziswali Adhuhuri na Alasiri kwa utulivu, wakati bado upo. Ile ya saa tisa alasiri inaonekana nzuri kwa sababu ni ya haraka, lakini Alasiri yote inaishia ndani ya behewa na Maghribi inaingia mkiwa bado njiani, na kuwatawadhisha watoto kwenye choo cha treni ni mtihani. Kurudi pia chukueni ya asubuhi.

Fikeni stesheni dakika tisini kabla ya treni kuondoka. Mizigo hupangwa chini inuswe na mbwa, kisha hupita kwenye mashine, na mtoto ambaye hajaambiwa kuhusu mbwa wale huweza kulia mpaka Voi. Visu vya jikoni viacheni nyumbani, mtavipata huku. Beba vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hata nakala.

Gari la kuwapokea Miritini lilipwe amana mapema. Kutoka pale hadi Bamburi au Shanzu, jioni yenye foleni, ni zaidi ya saa moja.

Hatua ya tano: nyumba

Kaeni kaskazini ya kisiwa: Nyali, Bamburi, Shanzu au Mtwapa. Diani, kusini ya kisiwa, ni pazuri, na siku hizi barabara ya Dongo Kundu inawavusha kutoka upande wa Miritini hadi Kwale bila ya feri ya Likoni. Lakini kwa safari fupi yenye watoto, sehemu nitakazozitaja ziko kisiwani na kaskazini, na hamtaki kuvuka kila siku.

Hoteli inawapumzisha na kazi, ila ina baa, ina muziki wa usiku, na bwawa ni la watu wote. Nyumba za kukodi, mbili au tatu ndani ya ua mmoja, zinafaa zaidi. Msilipe kwa kuona picha. Matapeli wa nyumba za likizo wamezidi, na picha nzuri huibwa kutoka popote. Kila msikiti wa bara una mtu mwenye shangazi Mombasa, basi shangazi aende, aingie, afungue mfereji, apige video.

Aulize hasa habari ya maji. Mombasa tuna shida ya maji, na nyumba nyingi hutegemea kisima au boza, yaani lori la maji. Maji ya kisima mara nyingi yana chumvi: yanafaa kuogea na kutawadhia, hayafai chai. Watu arubaini wanaotawadha mara tano hutumia maji mengi kuliko wageni aliowazoea mwenye nyumba, na ni vizuri aambiwe hivyo kabla ya kupokea pesa. Atazame pia vyandarua, feni, jenereta, na sebule ambayo safu tatu zitaenea.

Bwawa liwe na uzio au mlango unaofungwa kwa ufunguo. Kama halina, mwambieni mwenye nyumba aweke kizuizi, na kama hataki, tafuteni nyingine. Hapa sina huruma. Mtoto wa miaka miwili haanguki majini kwa kishindo, huzama kimya, wakati watu wazima wako sebuleni wanakunywa chai.

Hatua ya sita: chakula, na mapumziko ya akina mama

Safari nyingi za familia za msikiti humaanisha likizo kwa wanaume na watoto, na jiko jipya kwa wanawake. Kodini mpishi. Mombasa ina wapishi wa shughuli waliozoea sufuria za arusi, na kupikia watu hamsini kwao ni kazi ndogo. Mpatieni hesabu kamili. Kwa pilau au biriani, kilo moja ya mchele hutosha watu wanane hadi kumi kukiwa na watoto. Mwambieni pilipili iwekwe kando.

Apike chakula cha mchana tu. Asubuhi tumeni kijana akanunue mahamri na mbaazi za nazi, na usiku iwe chakula chepesi: viazi karai, mishkaki, mkate wa mofa kwa samaki. Kisiwani chakula halali kiko kila kona, mkienda hotelini ndipo muulize. Maji ya kunywa yawe ya chupa au ya kuchemsha, bila ubishi.

Hatua ya saba: bahari

Hapa ndipo penye hatari halisi ya safari, basi nitakaa.

Kwanza nguo. Dera na buibui vikilowa huwa vizito na hujizungusha miguuni. Nimeona mama anayejua kuogelea akishindwa kusimama kwenye maji ya kiunoni kwa sababu ya kitambaa. Wanaotaka kuingia baharini wavae nguo za kuogelea za stara, zinazobana kidogo na kukauka upesi. Wanaotaka kuwa huru zaidi wapewe bwawa la nyumba kwa saa zao, mapazia yamefungwa na wanaume wote wamepelekwa matembezini. Pangeni saa hizo kwenye ratiba kwa maandishi. Zikiachwa ziwe "tutaona", wanaume hawatatoka.

Pili, zamu ya maji. Watu wazima wawili wawili, nusu saa kila zamu, wamevaa fulana za rangi moja inayoonekana mbali. Simu hubaki mkobani. Kukabidhiana kuwe kwa sauti, uso kwa uso, kwa idadi:

"Mama Swaleh, nakukabidhi watoto saba."

"Nawaona saba. Nimepokea."

Mpaka neno "nimepokea" litamkwe, anayetoka haondoi macho majini. Watoto wanaozama mbele ya watu wengi huzama kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake anaangalia. Wa chini ya miaka mitano hawahesabiwi katika zamu hiyo: kila mmoja ana mtu wake, umbali wa mkono.

Tatu, maji yakipwa. Watoto watataka kutembea hadi mwambani, na ni raha kweli: kaa, nyota za bahari, samaki waliobaki kwenye vidimbwi. Wavae viatu vya mpira, maana kuna viumbe weusi wenye miiba mirefu wanaojificha kwenye mawe. Mara tu maji yakianza kurudi, geukeni. Hujaza nyuma yenu kwanza, kwenye mabonde ya mchanga kati ya mwamba na ufuo, na mtoto anayefika kiunoni mwako hatavuka. Msikaribie mlango wa mwamba, pale maji yanapotokea kwa nguvu kwenda bahari kuu.

Boti ya kioo: bei kabla ya kupanda, jaketi za kuelea za saizi ya watoto, na idadi ya watoto ihesabiwe kupanda na kushuka. Ngamia ni vivyo hivyo, bei kwanza.

Alasiri iswaliwe pale pale mchangani. Kibla cha Mombasa ni rahisi ajabu, kwa kuwa Makka iko karibu moja kwa moja kaskazini yetu: simameni bahari ikiwa mkono wa kulia, na mmeelekea kwa kukadiria. Mfundisheni mtoto ajielekeze mwenyewe bila simu, kisha kijana mmoja aadhini. Sauti ya mtoto wa miaka kumi inayopambana na upepo, wenzake wakipanga vidole kwenye mstari uliochorwa kwa kijiti mchangani, inafanya kazi ambayo mihadhara mitatu haiwezi.

Hatua ya nane: ratiba

Jambo moja kubwa kwa siku, na kulala mchana ni lazima kwa kila mwenye umri wa chini ya miaka minane. Tumieni nyakati za swala za Mombasa: tuko mashariki ya Nairobi, kwa hiyo hututangulia kwa dakika kama kumi. Agosti na Desemba Maghribi huingia kama saa kumi na mbili na dakika ishirini hadi thelathini na tano, na watoto watoke majini nusu saa kabla.

Ijumaa ni ya kisiwa. Saa tatu asubuhi muwe Fort Jesus, kabla ya jua kali. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, Waomani wakaizingira tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, na tangu 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Watoto hawatakumbuka tarehe, ila wakielezwa kwamba watu walifungiwa humu karibu miaka mitatu, wataanza wenyewe kuuliza walikunywa nini. Waacheni waizunguke mizinga. Kisha ingieni Mji wa Kale kwa miguu, muone milango ya nakshi na Msikiti wa Mandhry, unaokadiriwa kujengwa mwaka 1570 na unaoswaliwa hadi leo. Swalini Ijumaa huko, mle biriani, mrudi mlale. Jioni, barabara ya Mama Ngina: mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, madafu, na meli zikiingia Kilindini karibu kiasi cha kusoma majina yake.

Ijumaa ni siku ya Suratul Kahf. Usomeni pamoja usiku wa kuamkia Ijumaa, na kwa watoto chukueni kipande kimoja tu, cha Musa na Khidhri: safari hadi makutano ya bahari mbili, samaki aliyetoroka, jahazi lililotobolewa. Watoto wa bara wanaosoma kisa hicho siku ya kwanza kuiona bahari hukisikia upya. Dakika ishirini zinatosha. Darasa moja kwa siku, baada ya Maghribi, na msilirefushe hata ustadhi akipata hamasa.

Jumamosi msiende popote. Bahari, bwawa, kandanda mchangani. Vijana wa miaka kumi na tatu kwenda juu wapewe kazi ya kweli siku hiyo: waendeshe michezo, washike daftari la zamu, wapike chai ya jioni. Kijana asiye na kazi hujifungia na simu, na mkimkemea mbele za watu mmempoteza.

Jumapili ni ya kaskazini. Jumba la Mtwana, kilomita chache baada ya Mtwapa, ni mji wa Waswahili wa karne ya 14 na 15 uliobaki magofu chini ya mibuyu, na kwa kundi la dini naliona bora kuliko yote. Kuna msikiti uliojengwa karibu na maji kiasi kwamba mtu aliswali akisikia mawimbi, na karibu yake kaburi lenye aya iliyochongwa kwenye jiwe: kila nafsi itaonja mauti. Wakalisheni watoto wakubwa pale kwa muda. Hapahitaji hotuba. Mchana nendeni Haller Park, Bamburi. Palikuwa machimbo ya mawe ya saruji, jangwa tupu, hadi René Haller alipoanza kupanda mivinje mwaka 1971. Majani yake hayakuoza, akaleta majongoo wayale na kuyageuza kuwa udongo, na leo ni msitu wenye viboko, na wenye twiga wanaolishwa mkononi. Mtoto aliyezoea kukanyaga majongoo atarudi na maswali.

Kundi likikaa zaidi, nyongeza ni Gede, kabla ya kufika Malindi: mji mzima ndani ya msitu, wenye kaburi la mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na ulioingizwa urithi wa dunia mwaka 2024.

Viingilio vya serikali hulipwa kwa eCitizen. Mweka hazina awe na akaunti tayari na simu yenye chaji.

Hatua ya tisa: ulinzi na afya

Kila mtoto avae mkanda wenye nambari za simu za watu wazima wawili, bila jina lake, ili mgeni asimwite kwa jina. Kila mtu mzima ana watoto wanne wa kuwahesabu kila mnapopanda na kushuka gari.

Kulala: kila familia na watoto wake. Mkiamua watoto wakubwa walale pamoja, wavulana mbali na wasichana, na tangu miaka kumi kila mmoja na kitanda chake, kama tulivyofundishwa. Mtu mzima yeyote, awe ustadhi au amiri, hakai faraghani na mtoto asiye wake. Itangazwe mbele ya wote, ikiwemo watoto, ili asiyeitii aonekane mara moja.

Pwani ina malaria, na watoto waliokulia Nairobi hawana kinga. Chandarua kila usiku, mafuta ya kufukuza mbu tangu Maghribi, na muulizeni daktari kabla ya safari kuhusu dawa ya kinga. Mkoba wa dawa uwe na chumvi na sukari ya pakiti ya kuharisha, dawa ya homa, bandeji, na dawa za kila mtoto kwa jina lake. Jueni mapema mtakimbilia wapi: Hospitali Kuu ya Pwani na Aga Khan zote ziko kisiwani, na kutoka Bamburi ni lazima mvuke daraja la Nyali, basi tafuteni pia zahanati iliyo karibu na nyumba yenu. Gari moja libaki nyumbani usiku, dereva yupo.

Hatua ya kumi: kuondoka

Usiku wa Jumapili mizigo yote ifungwe kabla ya Isha. Piga video vyumba vyote, hesabuni sufuria na vijiko mbele ya mlinzi, na mdai amana yenu kabla hamjatoka getini.

Mkifika nyumbani, mama aliyepokea karatasi za watoto abaki na kazi moja kwa mwezi mzima: mtoto akipanda homa, mzazi amwambie daktari mara moja kwamba alikuwa Pwani. Malaria hujitokeza wiki moja au zaidi baada ya kuumwa na mbu, na daktari asipoambiwa anaweza kutibu mafua.

Hesabu isomwe msikitini ndani ya siku saba, risiti zikiwa wazi kwa kila aliyechangia. Ikibaki salio, hata kama ni shilingi mia tatu kwa kila familia, si la kamati. Waulizeni wenyewe, mmoja mmoja, kama wanataka kurudishiwa au liingie mfuko wa wasioweza wa mwaka ujao.